Nani Aliishi Nyumba Hii? Maswali ya Wasomaji kuhusu Vibao vya Kumbukumbu

Barua kadhaa zilizotufikia kutoka Lamu na Malindi zimezungumzia jambo moja kwa njia tofauti: namna mji unavyoweza kutambulisha, kwa maandishi ya ukutani, nyumba alizoishi mshairi, mwimbaji, mpiga udi au mchonga milango ambaye jina lake bado linatajwa barazani, lakini mlango wake vijana hawaujui tena. Tumechagua barua tano, tukazifupisha, na majibu yake ni haya.

*Mwalimu, assalaam alaykum. Marehemu babu yetu alikuwa mshairi na mpiga udi, na sehemu kubwa ya umri wake aliishi Mkomani katika nyumba ambayo leo ni ya warithi wengi. Sisi wajukuu tumekubaliana kuchanga fedha ili tuweke kibao mlangoni. Desturi hii ilianzia wapi, na ni masharti gani yanayotupasa kuyatimiza kabla ya kumwita fundi? (Wajukuu, Langoni, Lamu)*

Wa alaykum salaam. Mpango wa vibao unaojulikana zaidi duniani ni ule wa London. Mwaka 1863 mbunge William Ewart alilitoa wazo hilo bungeni, mwaka 1866 chama kilichoitwa Society of Arts kikaanzisha mpango wenyewe, na mwaka 1867 kibao cha kwanza kikawekwa katika nyumba ya Holles Street alikozaliwa mshairi Lord Byron. Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na mabaraza ya jiji, na tangu mwaka 1986 imekuwa mikononi mwa taasisi ya English Heritage, ambayo mwaka 2023 ilifikisha kibao cha 1000. Vibao vingi vya huko ni duara la kauri la rangi ya buluu, upana wake karibu sentimita 50, lenye jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, kazi ya mhusika, na tamko kwamba aliishi hapo. Jijini Cairo nako kuna mpango wa serikali wa kuwekea alama nyumba za waigizaji, waandishi na wanamuziki, kwa hiyo desturi hii si ya Wazungu peke yao.

Masharti ya London yanafaa kutafakariwa, hata kama hatuna sababu ya kuyaiga yote. Mhusika awe amefariki si chini ya miaka 20 iliyopita. Nyumba iwe bado imesimama katika hali ambayo mwenyewe, angefufuka, angeitambua. Mtu mmoja apewe kibao kimoja tu. Mwenye nyumba aridhie. Hilo la miaka 20 huwaudhi watu wengi, hasa familia, lakini mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Sifa zinazotolewa matangani ni za huzuni na mapenzi, na ni haki ya marehemu kutolewa. Maneno yanayokwenda kukaa ukutani kwa vizazi kadhaa yanahitaji kupoa kwanza, na katika muda huo familia ina kazi nyingi ya kufanya, kwa mfano kukusanya mashairi yaliyotawanyika, kanda za zamani na ushahidi wa watu waliomfahamu babu.

Kwa Lamu, gumu kuliko yote litakuwa ridhaa. Nyumba ya warithi wengi haiwezi kutundikwa kitu na tawi moja la familia kwa sababu tu ndilo lililochanga fedha. Waandikieni warithi wote, wakiwemo walio Mombasa, Zanzibar au Uarabuni, mpate majibu yao kwa maandishi. Na ikiwa sehemu yoyote ya nyumba ni wakfu, msimamizi wa wakfu naye aulizwe. Kisha kuna sheria. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na majengo yanayolindwa nchini Kenya yako chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Kwa hiyo fikeni mapema katika ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu mkiwa na picha ya ukuta na mchoro wa kibao. Hata tundu dogo la msumari katika ukuta wa kale ni vizuri lijulikane kabla halijatobolewa.

Msikate tamaa kwa wingi wa hatua hizo. Posta ya Wajerumani mjini Lamu ilifanya kazi kuanzia mwaka 1888 hadi 1891, na jengo lake leo ni makumbusho ambayo kila mgeni huonyeshwa. Ikiwa posta isiyotimiza hata miaka mitatu inakumbukwa, na ni haki ikumbukwe, basi mtu aliyeutungia mji huu mashairi kwa umri wake wote anastahili angalau mstari mmoja ukutani.

*Mtaani kwetu familia mbili zinadai kila moja kwamba mshairi mmoja wa zamani aliishi kwao. Wazee wamegawanyika, na maneno yameanza kuwa makali. Ukweli utapatikanaje? (Msomaji, Mkomani, Lamu)*

Kwanza ulizeni kila familia ina maana gani inaposema aliishi. Yawezekana wote wawili wanasema kweli: kwamba alizaliwa nyumba hii, akaoa nyumba ile, akafia ya tatu. Kwa Lamu uwezekano huu ni mkubwa kuliko miji mingi, kwa sababu ya desturi ya waungwana ambayo wasomaji wa bara huenda hawaijui. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimgawia sehemu ya nyumba yake, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ndiyo maana nyumba nyingine zimeongezewa ghorofa juu ya ya kwanza, na nyingine zimevuka njia kwa wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ili binti asitoke kwao. Basi mtu anayemtafuta mshairi katika hati za nyumba kwa jina la mshairi anaweza kutafuta mpaka achoke bila ya kupata kitu, kwa kuwa nyumba aliyotungia mashairi yake kwa miaka mingi imeandikwa kwa jina la mkewe au la mkwewe. Anzeni na ndoa zake. Mkijua alioa wapi, mmeijua nusu ya nyumba zake.

Baada ya hapo tafuteni maandishi: hati za mauzo na za mirathi, nyaraka za wakfu, daftari za kadhi, barua za kifamilia. Msisahau miswada yenyewe. Wanakili wa zamani mara nyingi waliandika mwishoni mwa kazi jina lao, tarehe ya kumaliza, na pengine jina la aliyeagiza nakala, na maneno hayo machache yana uzito kuliko hadithi ndefu. Fikirieni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango, na mwandishi mwenye mwandiko mzuri mno. Aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi, akiwemo William Hichens, na Ernst Dammann alijifunza kwake alipofika Lamu katika miaka ya 1930. Leo miswada na barua za mkono wake zimehifadhiwa London na Ujerumani. Maana yake ni kwamba ushahidi juu ya msanii wa Lamu unaweza kuwa maktabani ng'ambo, na vijana wenu wanaosoma huko wanaweza kupewa kazi ya kuutafuta. Mtu kama Kijuma anatuachia ushahidi wa aina nyingine tena, ule wa mbao, kwa maana mlango aliouchonga ni kazi yake hata kama nyumba haikuwa yake. Ni haki kuandika kwamba mlango huu ulichongwa na fulani, na isiandikwe kwamba aliishi hapa.

Ushahidi wa wazee uchukuliwe kwa adabu na kwa utaratibu. Kila mzee asikilizwe peke yake, nyumbani kwake, kabla hajasikia mwenzake amesema nini, na maelezo yake yarekodiwe na kuandikwa pamoja na tarehe. Asiulizwe, "Je, bwana yule aliishi nyumba hii?" Swali hilo limekwisha kumtia jibu mdomoni. Aulizwe, "Ulikuwa ukimwona wapi? Ulipotumwa kwake ulipita njia gani? Nani alikufungulia?" Mtu aliyetumwa utotoni kupeleka kikapu cha samaki kwa mshairi anaukumbuka mlango, na kumbukumbu hiyo haina upande katika ugomvi wenu.

Hata mpango wa London wenye watafiti wa kazi hiyo hupata tabu. Bob Marley aliishi London mwaka 1977, lakini aliposhtakiwa mahakamani kwa kosa la bangi alitoa anwani ya Ridgmount Gardens, ilhali makazi yake yalikuwa Oakley Street, Chelsea. Watafiti walilazimika kutegemea ushahidi wa watu waliokuwa karibu naye, na kibao cha Oakley Street hakikuwekwa mpaka mwaka 2019. Anwani iliyoandikwa katika karatasi ya mahakama ilikuwa ya kweli kama karatasi, lakini haikuwa nyumba yake. Nanyi mkiipata hati moja msifunge shauri siku hiyo. Ilinganisheni na nyingine.

Na ikiwa baada ya yote hayo nyumba mbili zimelingana kwa hoja, msiweke kibao katika yoyote. Wekeni kimoja mwanzoni mwa njia, kiseme kwamba katika mtaa huu aliishi fulani. Jambo hilo ni la kweli, halina mshindani, na jirani hawatavunjiana heshima.

*Mwalimu wangu, kila nikisikia habari za vibao husikia majina ya wanaume. Mamangu mkuu alikuwa mtunzi wa nyimbo za harusi, na shangazi zangu bado wanaziimba. Hata hivyo ndugu zangu wa kiume wanasema si uzuri jina la mwanamke kuandikwa njiani. Wasemaje? (Binti wa Shela, Lamu)*

Mwanangu, huku kwetu mwanamke ametunga na jina lake limetajwa bila ya yeyote kuona haya. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wake mwaka 1858, na mpaka leo jina lake hutajwa misikitini, madrasa na vyuo vikuu. Tunalitaja kwa heshima, na heshima haikupungua kwa kutajwa. Kwa hiyo hoja ya ndugu zako naielewa kama haya ya watoto kwa mama yao, jambo jema, lakini siioni kuwa kizuizi.

Wanachokiogopa kwa haki ni kingine, nacho ni ndani. Nyumba ya Lamu imejengwa ili mgeni aishie dakani, yaani kibarazani pa mlango wa mbele, na ndani pabaki kwa wenyewe. Kibao kinachomwalika mpita njia agonge mlango na kuomba kuona chumba alichotungia bibi kitakuwa kimeivunja nyumba hiyo hata kama ukuta ni mzima. Andikeni chini ya maelezo, kwa herufi za kawaida, kwamba hii ni nyumba ya watu na wageni wanaombwa waisome wakiwa njiani. Picha ya bibi haihitajiki kabisa.

Tatizo lililo kubwa zaidi ni kwamba nyimbo za harusi huimbwa na wengi, na mtunzi husahaulika upesi. Kabla ya kufikiria ukuta, wakalishe shangazi zako, warekodi nyimbo zote, na kwa kila wimbo uliza ulitungiwa harusi ya nani. Majina ya maharusi yatakupa miaka, na miaka itakupa nyumba.

*Nina nyumba ya wageni Malindi. Inasemekana mwandishi mmoja maarufu wa Marekani alipata kulala hapa alipokuja kuvua samaki. Je, naweza kuweka kibao? (Mwenye nyumba, Malindi)*

Kama unamkusudia Ernest Hemingway, ni kweli kwamba alifika Malindi kuvua katika miaka ya 1930. Lakini "inasemekana" halitoshi, na kulala si kuishi. Urefu wa muda peke yake si kipimo: katika mtaa wa Brook Street, London, kuna nyumba mbili zilizopakana zenye vibao, moja ya mtunzi wa muziki Handel aliyeishi hapo kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1759, na nyingine ya mpiga gitaa Jimi Hendrix aliyeishi hapo mwaka 1968 na 1969 tu. Tofauti na mgeni wako ni kwamba Hendrix alipanga, akaweka vyombo vyake, akawa na jirani. Ukipata daftari la wageni lenye saini, litunze kwenye kabati la kioo ukumbini na ulieleze. Hilo ni pambo la haki kwa biashara yako. Ukuta wa nje uachie waliokuwa wakazi.

Nami niongeze jambo ambalo hukuuliza. Malindi ina nguzo ya Vasco da Gama na kanisa dogo la Wareno, na mgeni huondoka akidhani waliostahili alama ni waliopita baharini. Wenye mji walikuwa na waimbaji, wapiga ngoma na watunzi wao, Waswahili na Wagiriama, ambao wengi waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba ya namna hiyo hujengwa upya kila baada ya miaka, na hapo sharti la London la jengo kubaki kama lilivyokuwa haliwezi kutumika, wala lisitumike. Kiwanja kinabaki, mwembe unabaki, kisima kinabaki. Wekeni jiwe chini ya mwembe ambapo ngoma ilichezwa, kwa idhini ya wenye kiwanja, na mtakuwa mmesema kweli zaidi kuliko kibao kingi cha ukutani.

*Mimi ni fundi. Nimeombwa kutengeneza kibao kwa ajili ya nyumba ya mawe, na mteja anataka shaba iliyofungwa kwa saruji. Nina wasiwasi. Je, nini kinafaa kwa hewa ya pwani? Na iwapo nyumba ilibomolewa zamani, kiandikwe nini? (Fundi, Lamu)*

Wasiwasi wako ni wa fundi anayeijua kazi. Kuta za kale za Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu na huuzuia unyevu huo usitoke, chumvi hukusanyika nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa ya kusi na kaskazi lipu huanza kumomonyoka kuzunguka kibao. Tumia chokaa. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba, kwa sababu chuma cha kawaida kikipata kutu huvimba na kulipasua jiwe kutoka ndani. Toboa katika chokaa iliyo baina ya mawe, usitoboe jiwe lenyewe, ili siku kibao kikiondolewa ukuta ubaki mzima. Fremu ya mlango usiiguse kabisa, wala mapambo ya chokaa ya daka.

Shaba yenyewe ni nzuri kwa mwaka wa kwanza. Chumvi huigeuza kijani, na mvua huishusha rangi hiyo juu ya ukuta mweupe kama michirizi ya machozi. Mteja asipokuwa na mtu wa kuisugua kila mara, mshauri achukue kauri iliyochomwa vizuri au marumaru yenye herufi zilizochimbwa. Lakini ushauri ninaoupenda zaidi ni mbao. Lamu ina wachongaji, na ubao wa mbambakofi au msaji uliochongwa kwa herufi za kina, ukapakwa mafuta kila mwaka na kuwekwa chini ya ukingo wa paa au ndani ya daka pasipopigwa na mvua, utadumu sana, na kazi ya kumkumbuka msanii itakuwa imefanywa kwa sanaa ya mji wake. Maneno yawe ya Kiswahili, na kwa washairi walioandika kwa herufi za Kiarabu, mstari mmoja wa herufi hizo uandikwe na mtu mwenye mwandiko mzuri, baada ya kusahihishwa na mwingine. Kiweke juu ya usawa wa mzigo wa punda. Njia zetu ni nyembamba, na kibao kilichojitokeza kwa kimo cha bega hakitamaliza mwezi.

Kuhusu nyumba iliyobomolewa, kibao hakina nguvu ya kuzuia nyundo. Ile nyumba ya Byron yenye kibao cha kwanza cha mwaka 1867 ilibomolewa mwaka 1889, na mahali pake leo pana duka kubwa. Jumba la Umm Kulthum huko Zamalek, Cairo, mwimbaji ambaye sauti yake ilisikika katika kila nyumba ya pwani yenye redio, nalo lilivunjwa, na hoteli ikajengwa hapo. Kwa hali kama hiyo usiandike "katika nyumba hii". Andika "Mahali hapa palikuwa na nyumba aliyoishi fulani", kisha mwaka wa kuhamia na mwaka wa kuondoka ikiwa vimethibitishwa, na mwaka nyumba ilipovunjwa. Zikipatikana picha au vipimo vya nyumba ya zamani, nakala moja ikabidhiwe ofisi ya Makumbusho hapo Lamu na nyingine ibaki kwa familia.